Siku Spika Zilipobaki Nyumbani

Kando ya jiko letu hapa Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, kuna chumba cha mabati ambacho sisi tulikiita stoo na Baba akakiita ofisi. Ndani yake zilisimama spika ndefu nyeusi, kama watu waliovaa makoti ya baridi. Kulikuwa na tarumbeta za chuma, zile spika za kufunga juu ya miti, jenereta iliyonuka petroli, nyaya zilizokunjwa na kufungwa kwa vipande vya kitambaa, na sanduku la mbao lenye maiki, kila moja imelala ndani ya soksi. Soksi zilikuwa zetu. Soksi yoyote iliyopotelewa na mwenzake nyumbani ilipata kazi huko, na nilikua nikijua kwamba maiki ya harusi inalala ndani ya soksi yangu ya darasa la kwanza, na ya mazishi ndani ya soksi ya kijivu ya Mama.

Baba alikuja Eldoret akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alinunua amplifaya kuukuu kutoka kwa kanisa lililokuwa linapata mpya, na tangu hapo mtaa wote unamwita Fundi. Amepeleka sauti kwenye harusi, harambee, mikutano ya injili na mikutano ya siasa ya vyama vya kila rangi. Lakini kazi iliyotulisha zaidi ni mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi bila spika. Familia inaweza kukosa hema, inaweza kuazima viti vya kanisa, lakini lazima sauti ifike barabarani, ili anayepita na ng'ombe wake ajue marehemu alikuwa nani na ameacha nani.

Na palipo na maiki, Mheshimiwa atakuja. Hilo pia ni desturi yetu. Ratiba ya mazishi huwa na familia, halafu majirani, halafu waliofanya kazi na marehemu, halafu kanisa, na mahali fulani katikati yake inakatika ili wanasiasa wasalimie watu. Salamu hizo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko mahubiri. Wakichelewa, hupiga simu kusema wameshafika Timboroa. Timboroa iko juu kabisa kwenye barabara ya Nakuru, kwenye ukungu na baridi, na kila atokaye Nairobi lazima apite hapo. Nimeshuhudia majeneza yakingoja kwenye manyunyu kwa sababu mtu fulani yuko Timboroa, na Baba akiambiwa aweke wimbo kidogo. Nyumbani kwetu lilikuwa neno la utani. Ugali ukichelewa, Mama alisema uko Timboroa. Mvua ikichelewa, iko Timboroa.

"Fundi wa sauti hana upande," Baba alipenda kutuambia. Alisimama nyuma ya mashine yake, mkono kwenye kitufe, uso mtulivu, awe anazungumza askofu au diwani. Sijawahi kumwona akipiga makofi.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi Mwalimu. Yeye ni mwenyeji wa nyanda hizi. Shamba la ukoo wa mume wake liko Kaptagat, karibu na msitu, na mume wake alizikwa huko zamani. Ndiye aliyenifundisha kusoma, katika darasa lenye watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Tulipopiga kelele alizidi kunong'ona, mpaka sisi wenyewe tukaanza kunyamazishana ili tusikie.

Kitinda mimba wake alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu mjini. Macho ya Baba yalipoanza kuchoka, kijana huyo ndiye aliyemchomelea nyaya zilizokatika. Alikuja Jumapili mchana na kichomeleo chake, akaketi juu ya spika iliyolazwa chini, akafanya kazi huku akimchokoza Baba kwamba mashine yake ni ya enzi za wakoloni. Alimwita Baba Fundi Mkubwa. Baba alimwita Fundi Mdogo, na ukimsikia anavyolitamka ungedhani ni cheo cha serikali.

Fundi Mdogo aliuawa siku ambayo kulikuwa na mkutano wa siasa mjini. Baba hakuwa na kazi kwenye mkutano huo. Wenye mkutano walileta mitambo yao. Mimi nilikuwa nyumbani nikiandika riwaya yangu ya kwanza, dirisha wazi, na kutoka mbali nilisikia muziki, kisha sauti ya mtu, kisha kitu kama mvua ya mawe juu ya mabati. Baadaye tuliambiwa ilikuwa mawe kweli. Kisha chupa ya petroli ilirushwa jukwaani, watu wakakimbia kila upande, na yeye, aliyekuwa anafunga kibanda chake aje nyumbani, akapigwa na jiwe kichwani. Alifia hospitalini jua likiwa bado halijazama. Nani alirusha jiwe lile, hakuna ajuaye mpaka leo ninapoandika.

Lakini majibu hayakungoja. Mwalimu alikuwa bado hajarudishwa kutoka hospitalini na redio ilikuwa imeshajaa watu wenye uhakika. Mheshimiwa wa upande mmoja alisema waliofanya unyama ule wanajulikana, na kwamba wageni waliopewa makao wasisahau wao ni wageni. Mheshimiwa wa upande wa pili alisema wenye mkutano wamejipiga wenyewe ili walie mbele ya kamera. Aliyefuata akasema yeye hataki kumtaja mtu, kisha akataja kabila zima. Walizungumza vizuri, hilo lazima niseme. Mimi ni mtu wa maneno na nilisikia ustadi wao: jinsi walivyoshusha sauti kabla ya kugonga, na kila mmoja alivyosema "sisi" kwa upole kama anayemfunika mtoto blanketi. Katika maneno yote hayo kijana wa Mwalimu alitajwa kama damu. Damu yetu, damu iliyomwagika, damu isiyo na hatia. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa anatengeneza simu.

Maneno yale yalifika Yamumbi kabla ya maiti. Mama alienda kwenye kinu cha kusaga mahindi na wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, kisha wakaanza kuongea juu ya bei ya mbolea. Aliporudi aliweka unga mezani na kusema hajawahi kuona watu wakipenda mbolea namna ile. Shangazi yangu alipiga simu kutoka Kisumu kutuomba twende tukae kwake kidogo, mpaka mambo yapoe. Wenzangu wa kikundi cha waandishi waliniita mjini tuandike taarifa ya pamoja. Tulikaa mchana mzima mbele ya chai iliyopoa, tukabishana nani atajwe kwanza na nani atajwe mwisho, na tulipoachana karatasi ilikuwa na salamu za pole tu.

Baba hakutaka kusikia habari za Kisumu. Alikuwa stoo. Alishusha spika zote, akazipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akakagua nyaya moja moja kwa vidole. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Ilikuwa wazi kwake kwamba sauti ya mazishi ya Fundi Mdogo ataipeleka yeye, kama alivyoipeleka kwenye harusi za dada zake, na kwamba itakuwa sauti safi, bila mluzi, bila mkwaruzo hata mmoja. Alichagua hata soksi. Ile ya kijivu aliona imechakaa, akatafuta mpya.

Siku iliyotangulia mazishi, asubuhi, alikuja mzee mmoja langoni. Alikuwa shemeji yake Mwalimu, ndugu wa mume wake, mtu mrefu wa kofia ya manyoya aliyeshuka kutoka Kaptagat kusimamia msiba. Tulimfahamu kwa mbali. Jioni za maombi kule kwa Mwalimu aliketi nje kando ya moto na redio ndogo mapajani, na kila redio iliposema jambo alilirudia kwa walioketi karibu, kama mtu anayetafsiri.

Mama alimkaribisha chai. Alisema asante, ana safari nyingi. Baba alitoka stoo akifuta mikono.

"Fundi," mzee alisema, akiangalia ua badala ya Baba. "Mwalimu amesema vyombo usilete kesho."

"Mmepata fundi mwingine?"

"Hapana."

"Kuna shida ya umeme? Niko na jenereta."

"Amesema tu usilete."

Akaaga, akaenda. Baba alisimama pale langoni muda mrefu akiangalia barabara yenye tope. Kwa watu wa hapa, mtu wa msiba akikataa chai yako na kazi yako kwa pumzi moja, huhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwona akirudi stoo. Alichukua maiki aliyokuwa ameitoa, akaivisha soksi, akafunga sanduku.

"Basi na sisi tumekuwa wale wa kwenye redio," alisema.

Mama alimjibu kwamba hayo ni maneno ya yule mzee, si ya Mwalimu. Baba akasema mzee ametumwa, na aliyetuma ni Mwalimu. Mama alikuwa ameenda kwa Mwalimu kila jioni na akina mama wa kanisa, na kila jioni Mwalimu alimshika mkono bila kusema kitu, na Mama aliona mkono ule unatosha. Baba aliona hautoshi. Wangeweza kuulizana mara moja na jambo likaisha, lakini mtu haendi kwa mama aliyefiwa kumuuliza habari za kazi.

Jioni ile Baba alisema hataenda. Hakusema kwa hasira. Alisema amefikiria, na ameona kwamba katika miaka yote aliyoishi hapa hajawahi kukaa kwenye kiti cha mazishi. Alikuwa kando ya mashine siku zote. Akiwa hana mashine, ataketi wapi? Na familia? Na majirani? Aketi na watu wa kutoka ziwani, pembeni kule karibu na ua, akiangaliwa?

"Mwalimu amesema usilete spika," Mama alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Hajasema usilete miguu."

Baba alitoka akaenda stoo. Lakini asubuhi nilimkuta amevaa shati jeupe, anapasha moto injini ya pikapu. Nyuma ya gari, mahali ambapo spika zilisimama daima, waliketi akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa, na Mama katikati yao. Mimi niliketi mbele na Baba. Tulipanda kuelekea Kaptagat nyuma ya msafara, na barabarani tulikutana na wanariadha wa mazoezi, mistari yao mirefu, miguu yao myepesi isiyo na kelele. Jeneza lilipopita walisimama kando, wakavua kofia, pumzi zao zikitoka nyeupe kwenye baridi. Baba aliwainulia mkono. Halafu aliangalia kwenye kioo, kwa mazoea, kuhakikisha spika hazijalegea, akaona akina mama wanaimba.

Shamba liko kwenye mteremko. Upande wa juu ni msitu wa mivinje, na upepo unaotoka huko haupumziki. Watu walikuwa wengi. Walisimama kama kawaida yetu, makundi makundi: ukoo karibu na hema, walimu wao kwa wao, vijana wa bodaboda kwenye lango, watu wa ziwa pamoja chini karibu na ua, na kati ya kundi na kundi nafasi ya kupitisha lori. Kwenye mazishi ya spika nafasi hizo hazimsumbui mtu, kwa kuwa sauti inamfuata kila mmoja pale alipo. Niliona watu wakitafuta tarumbeta juu ya miti. Kijana mmoja aliuliza umeme umepotea ama nini.

Mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema jambo. Hatukumsikia. Akasema tena, kwa nguvu, na mwanamke aliyekuwa mbele akageuka kutuambia: anasema tusogee. Tukasogea. Wale wa lango wakaja, wale wa ua wakaja, viti vikaburutwa kwenye nyasi, mpaka tukawa tumebanana bega kwa bega na harufu ya moshi na sabuni na makoti yaliyoloa. Katika kusukumana huko Baba alijikuta mstari wa nyuma wa familia, mimi kulia kwake, na kushoto kwake yule mzee wa kofia ya manyoya. Walisalimiana kwa vichwa. Baba hakujua aweke mikono wapi. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani, akaishusha.

Wimbo ulipoanza nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu utotoni. Spika huleta wimbo kutoka mahali pamoja. Unausikia kama kitu kinachomwagwa juu yako. Huu ulitoka kila upande. Nilisikia besi iliyopasuka ya mzee, sauti ya Mama ambayo huchelewa kidogo kila mwisho wa mstari, na sauti ya Baba, ambayo sikuwahi kuijua, kwa kuwa kazini haimbi. Ilikuwa nyembamba na ya kweli.

Ratiba ilipofika katikati, mtu alikuja kumnong'oneza mchungaji, naye akatangaza kwamba Mheshimiwa amepiga simu, anaomba angojewe, ameshafika Timboroa. Kicheko kilipita kwenye umati, cha chini chini, kicheko cha msibani kinachofunikwa kwa leso. Mwalimu, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza na shuka mabegani, alitikisa kichwa. Tukaendelea.

Mheshimiwa alifika wakati dada wa marehemu alikuwa amemaliza kuzungumza. Magari makubwa yalisimama nje ya ua na watu wa suti wakaingia kwa haraka. Mmoja wao, msaidizi wake, alikuwa anamjua Baba kutoka mikutano mingi. Alipenya moja kwa moja hadi kwetu.

"Fundi, maiki iko wapi?"

Nilimwangalia Baba. Mzee pia alimwangalia.

"Leo sikuja kazini," Baba alisema. "Nimekuja msiba."

"Sasa Mheshimiwa ataongea na nini?"

"Si ana mdomo," mzee alisema, bila kugeuka.

Msaidizi alirudi mbele na tukaona wakinong'onezana. Mmoja alikimbilia magarini, akarudi mikono mitupu. Ndipo Mwalimu alisimama. Hakupandisha sauti, lakini sisi aliotufundisha tulianza kunyamazishana wenyewe.

"Mheshimiwa, karibu useme," alisema. "Tukinyamaza tutakusikia."

Mheshimiwa alianza vizuri. Yeye ni mtu mkubwa wa mwili na sauti yake si ndogo. Lakini amezoea kusukuma maneno na kuacha mashine iyabebe, na upepo wa msitu ule humpiga anayezungumza ubavuni na kuyapeperusha. Watu wa mstari wa kwanza walisikia. Wa mstari wa pili walisikia kiasi. Kutoka hapo watu walianza kuulizana, na walio mbele wakageuka kuwaambia walio nyuma, kwa minong'ono, kama darasani. Anasema ametoka mbali. Anasema tuna serikali. Anasema marehemu alikuwa kijana wetu.

Kisha alishusha sauti, ile namna ninayoifahamu, kabla ya kugonga. Aliinua kidole. Mimi nilisikia sehemu kubwa, na Baba alisikia yote. Masikio ya Baba ni ya kazi ile; husikia kasoro ya waya kabla haijatokea. Mheshimiwa alisema waliomwaga damu hii wanajulikana. Alisema wametoka wapi na walipokelewa na nani. Alisema wako hapa hapa, pengine wamekuja hata leo kutuangalia tukilia. Kisha akanyamaza na kungoja.

Kwenye mkutano, pale ndipo ngurumo huanza. Hapa palikuwa na upepo na mtoto aliyekohoa. Mstari wa kwanza uligeukia wa pili, wa pili ukageukia wa tatu, na niliona neno lile likija kuelekea kwetu kutoka mdomo hadi mdomo, kama ndoo ya maji wakati wa moto. Kila aliyelipokea alilazimika kulishika mwenyewe, na kuangalia uso wa jirani yake, na kulisema kwa pumzi yake. Mwanamke mmoja alilipokea, akaangalia chini, akasema kitu kifupi. Aliyekuwa mbele ya mzee aligeuka, akamnong'oneza. Mzee aliinamisha sikio.

Kisha akageuka kwa Baba, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Walitazamana. Mzee alikuwa amelisema jambo lile lile kando ya moto jioni zote, bila shida, kwa watu wasiokuwa Baba. Midomo yake ilifunguka na kufungika. Niliona macho yake yakienda kwenye shati jeupe la Baba, kwenye mikono yake iliyoning'inia, kisha yakarudi.

"Anasema pole," mzee alisema.

Baba, aliyekuwa amesikia kila neno, aliinamisha kichwa.

"Mwambie tumeshukuru."

Mzee akageuka mbele, akamgusa bega yule aliyemletea. "Wanasema wameshukuru." Na hilo nalo likaanza safari ya kurudi, mdomo hadi mdomo, mpaka mstari wa kwanza. Sijui lilifika likiwa vipi. Nilimwona Mheshimiwa ameshusha kidole. Alijaribu mara moja tena, akaacha nafasi ya ngurumo, na nafasi ikabaki tupu. Akaangalia jeneza, pengine kwa mara ya kwanza, kwa kuwa lilikuwa karibu na viatu vyake. Alimaliza kwa kumgeukia Mwalimu na kumwambia jambo ambalo hakuna aliyelisikia isipokuwa Mwalimu mwenyewe. Kisha alishika koleo kama wengine, akatupa udongo, akaondoka.

Baada ya mazishi tulipewa chai. Mwalimu alimwita Baba. Nilikuwa nimembebea Baba kikombe, kwa hiyo nilikuwapo.

"Fundi, ulikasirika," alisema.

"Sikukasirika, Mwalimu."

"Ulikasirika. Na shemeji yangu alikuja kukuambia kama polisi." Akavuta shuka mabegani. "Nilimwambia akueleze. Najua hakueleza."

Baba alipokea kikombe kutoka kwangu.

"Zile nyaya, ni yeye alizichomelea. Nilikuwa namwona hapo kwenu kila Jumapili. Nikafikiria yale maneno yapite kwenye kazi ya mkono wa mtoto wangu, na yeye amelala hapo chini. Na wewe umesimama hapo, umeshika kitufe, yanakupitia wewe kwanza. Nikaona hapana."

Baba alikunywa chai. Aliangalia mteremko, mahali ambapo angefunga tarumbeta, mti upi na mti upi.

"Yamepita mengi kwenye hizo nyaya," alisema baadaye.

"Najua. Mazishi yote hayo nilikuwa naketi mbele."

Ilisemwa kwa upole, na Baba aliipokea hivyo. Hakujitetea kwamba fundi wa sauti hana upande. Sijamsikia akilisema neno hilo tena, ingawa bado anapeleka sauti kwa watu na bado ni fundi mzuri. Mwalimu alimwambia kwamba siku ya ibada ya shukrani, wakati huo mahindi yatakuwa yameshavunwa, alete spika zote. Kutakuwa na kwaya. Baba alisema ataleta.

Wakati wa kurudi mzee aliomba lifti hadi Yamumbi, akaketi mbele kati yangu na Baba, kofia karibu igonge paa, magoti juu. Baba aliwasha redio kwa mazoea. Tulikuwa tunashuka, msitu umekwisha na mashamba yamefunguka, habari zilipoanza. Mtangazaji alisema Mheshimiwa, akizungumza leo kwenye mazishi huko Kaptagat, ameapa kwamba waliohusika wanajulikana, na amewaonya wageni. Walikuwa na sauti yake, nzito na safi. Sijui aliirekodi wapi, pengine ndani ya gari.

Tulisikiliza mpaka ikaisha. Baba hakuongeza sauti wala hakupunguza.

"Huyo wa redio anasema uongo," mzee alisema. "Mimi nilikuwa hapo. Alisema pole."

Baba alibadilisha gia.

"Hata mimi hivyo ndivyo nilivyosikia," alisema.

Akina mama walishuka njiani mmoja mmoja, na tulipofika kwetu alibaki Mama tu. Mzee alisimama langoni, pale pale aliposimama asubuhi ile, akiangalia ua. Mama alimpita akaingia jikoni. Tulisikia sufuria, kiberiti, maji yakimiminwa.

"Mama," mzee aliita kutoka langoni, "kuna chai?"

"Iko Timboroa, Mzee," Mama alijibu. "Ingia, ngoja."

Akavua kofia, akainama chini ya mlango, akaingia, akangoja.